Marehemu Simeon Nyachae na Mpango wa Wilaya



Ni desturi ya kijitabu hiki kutoa kurasa chache za historia baada ya ripoti ya mwenyekiti na kabla ya hesabu za mweka hazina, ili wasomaji wapumzike kidogo kabla ya kuanza kugombania hesabu. Mwaka huu kurasa hizo zimeandikwa kwa ajili ya swali lililoulizwa katika mkutano mkuu uliopita, wala halikujibiwa. Mzee mmoja wa Keumbu alisimama akataka kujua kama fedha tunazochanga, zikiisha kujenga darasa au kununua vitanda vya zahanati, humfikia mtu maskini, au humpita mlangoni pake zikaenda zao. Baadhi ya watu walicheka, wengine wakanung'unika, kisha mwenyekiti akaingia katika shauri lililofuata.

Lakini swali lile halikuwa dogo. Serikali ya Kenya yenyewe imejiuliza swali hilo hilo kwa muda mrefu, na mtu aliyebeba mzigo wa kulijibu katika miaka ya 1980 alikuwa mtoto wa Nyaribari hii hii yetu, ambaye wengi katika nyinyi mlimjua kwa uso. Kwa hiyo tumeona ni vema kueleza hapa habari za Marehemu Simeon Nyachae. Hatutamweleza kama mwanasiasa, maana siasa zake zimekwisha kusemwa na kila mtu sokoni, bali kama mtu wa mipango ya serikali: alijaribu kufanya nini, kipi kilisimama, na kipi kilianguka.

Alizaliwa tarehe 6 Februari 1932, mwana wa Chifu Musa Nyandusi. Vijana wa leo hawajui chifu wa zamani alikuwa mtu wa namna gani. Yeye ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyetoa watu wa kutengeneza barabara, ndiye aliyesikiliza mashauri ya ng'ombe na mipaka, tena ndiye aliyepeleka habari za watu kwa Mkuu wa Wilaya pale Kisii na kuzirudisha amri za Mkuu wa Wilaya kwa watu. Musa Nyandusi, juu ya hayo, alikuwa miongoni mwa Wagusii wa kwanza kupanda kahawa katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo kahawa ya arabika ilikuwa mali ya walowezi peke yao, na Mwafrika alikatazwa kuigusa. Ndipo serikali ikaruhusu ijaribiwe katika wilaya chache tu, na Kisii ikawa mojawapo. Watu wengi walisita, kwa kuwa waliona ya kuwa shamba likizaa mali, mgeni ataanza kulitamani. Chifu akatangulia, na watu wachache wenye nguvu wakamfuata.

Habari hiyo ya kahawa ina maana kuliko inavyoonekana. Mpango ule uliletwa kwa jina la Waafrika wa wilaya nzima, lakini waliotangulia kufaidi ni wale waliokuwa karibu na serikali, tena wenye ardhi ya kutosha kungojea miaka kadha mpaka mti uzae. Mjane mwenye kishamba cha wimbi, anayekula leo kile alichokivuna jana, hawezi kungojea mti. Hakuna mtu aliyemfukuza mjane huyo. Mpango ulipita tu mahali ambapo mguu wake haukufika. Tutaliona jambo hilo tena na tena katika habari hii.

Nyachae alisoma Nyanchwa, kwa Waadventisti, na baadaye katika shule ya serikali ya Kisii. Aliingia kazi ya utawala akiwa kijana, katika vyeo vya chini, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akaenda Uingereza kujifunza kazi hiyo. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, Waingereza wakaanza kufunga mizigo yao, na nafasi zao zikawa wazi kwa vijana waliokuwa tayari. Alipanda haraka sana. Akawa Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa, kisha wa Mkoa wa Kati, na huko alikaa mpaka mwisho wa miaka ya 1970. Hebu fikirini, mtu ambaye hajafika miaka arobaini anasimamia mikoa mikubwa ya nchi, naye si mwenyeji wa mikoa hiyo. Kwa njia hiyo alijifunza serikali kutoka chini mpaka juu: baraza la chifu, ofisi ya wilaya, mkoa, na mwishowe Nairobi. Watu wa mipango waliosoma zaidi yake walikuwako, wala hatuwezi kuwahesabu. Lakini wachache mno katika hao walijua naibu wa chifu hufanya nini na barua iliyoandikwa Nairobi.

Sasa hapana budi tuache habari zake kidogo, tutazame namna nchi ilivyomfikiria mtu wa kipato kidogo katika siku zile.

Wagusii wa zamani walikuwa na njia zao. Kulikuwa na egesangio, yaani watu wachache waliopatana kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu. Kulikuwa na risaga vile vile, ambapo majirani wengi walikusanyika kumlimia mtu siku moja, naye akawaandalia pombe. Wazee watakubali ya kuwa njia hizi mbili hazikuwa sawa. Egesangio ilimfaa hata asiyekuwa na kitu, maadamu ana jembe na mikono yake. Risaga ilimtaka mtu awe kwanza na wimbi la kupikia pombe. Harambee ya siku za Uhuru, kwa maoni yetu, ilichukua jina la egesangio ikafuata njia ya risaga. Alama yake ilionekana katika shule na zahanati zilizojengwa kwa michango nchi nzima, na Wagusii hawakuwa nyuma katika kazi hiyo. Lakini mahali penye tajiri wa kuchanga palijengwa haraka, na mahali pasipo tajiri kuta zilisimama bila mabati mpaka mvua ikazila.

Na serikali je? Mwaka wa 1965 ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, juu ya Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Waraka ule ulisema ya kuwa fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa zaidi, kisha faida yake itasaidia mahali pengine. Kwa watu wa nchi kame maneno hayo yalikuwa machungu tangu siku ya kwanza. Sisi tulidhani yanatupendeza, kwa kuwa Gusii ni nchi ya mvua na udongo mwekundu mzuri. Lakini hapo ndipo maskini wetu alipofichika. Katika vitabu vya Nairobi, Kisii iliandikwa kuwa nchi ya rutuba, ya chai, kahawa na pareto. Na mtu anayeishi katika nchi ya rutuba huhesabiwa ameshiba. Hakuna aliyeuliza ana ekari ngapi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na katika Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Rutuba ikigawanywa kwa vichwa hivyo vyote, kila kichwa hupata kidogo sana.

Mwaka wa 1972 walikuja wageni wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wakiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, wakaandika ripoti kubwa juu ya kazi, mapato na usawa katika Kenya. Walisema jambo ambalo mama yeyote wa soko la Keumbu angeliwaambia bure: shida kubwa ya nchi hii si watu kukaa bila kazi, bali ni watu wanaofanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku na kupata kidogo kisichowatosha. Hata hivyo ni vema lilisemwa, kwa sababu liliposemwa na wageni lilisikilizwa. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imekwisha kuanza kujaribu mipango ya maendeleo ya mashamba katika sehemu sita za nchi, Migori na Vihiga zikiwamo. Majaribio hayo yalifundisha mengi, kisha yakafifia. Kila wizara ilikuwa na njia yake ya kutoka Nairobi, na wilayani hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kuziunganisha.

Basi turudi kwa Nyachae. Mwanzo wa miaka ya 1980 nchi ilikuwa katika dhiki. Bei nzuri ya kahawa ya mwaka wa 1977 ilikwisha kupita, mafuta yalikuwa yamepanda, na Agosti 1982 kukatokea jaribio la kuipindua serikali. Mwaka huo huo kamati iliyoongozwa na Philip Ndegwa ilichunguza matumizi ya fedha za serikali. Ikakuta ya kuwa miradi mingi mno ilianzishwa, fedha zikatawanywa juu yake kama mbegu zinazomwagwa ovyo, na miradi haikumalizika. Ikashauri wilaya ipewe kazi ya kupanga na kusimamia maendeleo yake. Rais Moi alikubali, na Nyachae, aliyekuwa Katibu Mkuu katika Ofisi ya Rais, ndiye aliyepewa kulifanya shauri hilo liwe kazi ya kweli. Mpango ulianza rasmi tarehe 1 Julai 1983. Maagizo yake yalipigwa chapa katika kitabu chenye jalada la buluu, nacho kikajulikana katika ofisi zote za wilaya kwa jina hilo la Kitabu cha Buluu. Mwaka wa 1984 Nyachae akawa Katibu Mkuu Kiongozi, na hapo hapakuwa na ofisa wa serikali aliyeweza kumwambia ya kuwa hajakisoma.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Haja za watu zilitakiwa kuanza katika lokesheni ndogo, chini ya naibu wa chifu. Zipande kwenye lokesheni, kwa chifu. Kisha tarafa, kwa ofisa wa tarafa. Na mwisho zifike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya na katibu wake ni Ofisa wa Maendeleo wa Wilaya. Katika kamati hiyo waliketi wakuu wa idara zote, wabunge, wenyeviti wa mabaraza ya serikali za mitaa na wa chama. Wizara ikitaka kujenga josho au kuchimba kisima wilayani, ilipasa kwanza iulize kamati. Na fedha zilizokubaliwa zilipelekwa kwa idhini ya kutumika pale pale wilayani. Hazina ya wilaya ikaongezewa nguvu, na bodi ya zabuni ya wilaya ikaweza kuamua ununuzi ambao zamani ulingojea Nairobi.

Ndugu zetu wasiopata kufanya kazi ofisini wataona hayo ni mambo makavu. Sivyo. Mtu aliyewahi kungojea mabati ya shule yaliyokwisha kulipiwa, ambayo karatasi yake imelala juu ya meza ya Nairobi miezi minane, anajua ya kuwa kusogeza meza ile kilomita mia tatu si jambo kavu hata kidogo. Nyachae alizunguka nchini akikutana na maofisa wa wilaya, akawaonya, akawafundisha, na wengine, kama wenyewe walivyosimulia baadaye, waliogopa kuja mikutanoni bila hesabu kamili. Alikuwa mtu mkali. Wako walioufurahia ukali wake na wako walioumizwa nao, lakini bila ukali huo kitabu kile kingekaa kabatini kama vitabu vingine vingi vya serikali.

Mazuri yake tumeyaona. Miradi iliyoachwa nusu ilianza kuandikwa katika orodha moja, na haikuwa rahisi tena kwa kila wizara kuanzisha wake. Mkuu wa idara ya maji na mkuu wa idara ya afya wakajuana. Kila wilaya katika wilaya zipatazo arobaini ikawa na kitabu cha mpango wake, na mwananchi akiwa na ujasiri wa kutosha aliweza kwenda kuuliza kwa nini daraja lake halimo. Katika Kenya huru lilikuwa jambo jipya kwamba daraja la watu wa mashamba lijadiliwe kwanza na watu wanaolivuka.

Sasa tuseme na lile lililoshindikana, wala tusione haya, maana marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha maneno.

La kwanza ni viti. Ngazi ile ilianza chini, lakini kila kidato chake kilikaliwa na ofisa wa serikali. Naibu wa chifu aliitisha mkutano. Waliokuja ni wenye nafasi ya kuja, na waliosema ni wenye desturi ya kusema: mwalimu mkuu, mwenye duka, mzee wa kanisa, mwenye shamba kubwa la chai. Mwanamke anayechuma majani kwa kibarua, mwenye watoto watano na robo ekari, hakukatazwa kuingia. Ila saa ile ya mkutano alikuwa na kikapu mgongoni. Na haja zilizopanda ngazi zilikuwa haja za wale waliosema, nazo mara nyingi zilikuwa majengo. Jengo huonekana, Mkuu wa Wilaya aweza kulifungua, na mbunge aweza kulitaja. Sahani ya jioni katika nyumba ya mama yule haina mahali pa kutundika kibao cha jiwe.

La pili, na kwetu hili ndilo kubwa, ni bei. Tuchukue pareto. Wanachama wenye umri wanakumbuka vilima vya Nyaribari na Kitutu vilivyokuwa vyeupe kwa maua. Kenya iliwahi kuongoza dunia nzima kwa zao hilo, na nyanda za juu za Gusii zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoleta maua kwa wingi. Lilikuwa zao la watu wadogo hasa. Halikutaka kiwanda shambani wala gari la kila asubuhi. Mama na watoto waliyachuma maua, wakayaanika juani, wakayapeleka kwenye chama cha ushirika, na fedha zake ndizo zilizonunua daftari, chumvi na mafuta ya taa. Familia isiyo na chai wala kahawa iliweza kusimama kwa pareto peke yake. Lakini bei ya pareto haikupangwa Kisii, wala malipo yake hayakutoka Kisii. Yalitoka kwa Bodi ya Pareto kule Nakuru, na soko lake lilikuwa ng'ambo. Malipo yalipoanza kuchelewa, kwanza miezi, baadaye zaidi ya mwaka, hakuna kamati ya wilaya iliyokuwa na dawa. Kamati iliweza kuamua josho lijengwe Keumbu au Birongo. Haikuweza kuamua mama alipwe maua yake. Watu wakang'oa pareto, wakapanda mahindi katika vishamba visivyotosha mahindi, na kufika miaka ya 2000 vilima vile havikuwa vyeupe tena.

Mtaona basi ya kuwa Mpango wa Wilaya uligawa kazi za serikali, lakini kipato cha jamaa maskini hakikuwa katika mikono iliyogawa. Kilikuwa katika bei ya chai, ya kahawa na ya pareto, na katika karo ya shule. Hayo yote yalibaki juu.

Na tukitaja karo, hapana budi tutaje lingine. Mwaka wa 1985 ulianza mfumo mpya wa masomo wa 8-4-4, uliotaka kila shule ya msingi iwe na darasa la nane na karakana ya kazi za mikono. Serikali haikuwa na fedha. Wazazi ndio waliojenga. Wazee wengi wa Keumbu na majirani zake waliuza kuku, mbuzi na hata ng'ombe kwa ajili ya karakana ambazo baadhi yake hazikuona randa wala msumeno. Mwaka wa 1986, Nyachae akiwa bado kiongozi wa utumishi wa serikali, ulitoka Waraka wa Bunge Namba 1 juu ya uongozi wa uchumi, nao ulifungua njia ya wananchi kuchangia gharama za huduma. Malipo ya hospitali yalianzishwa Desemba 1989, yakasimamishwa mwaka wa 1990 kwa sababu ya vilio vya watu, kisha yakarudishwa mwaka wa 1992. Hatusemi ya kuwa hayo yalikuwa kazi ya mtu mmoja. Serikali ilibanwa na deni, na wakopeshaji wa Washington walikuwa wamesimama mlangoni. Lakini ni haki isemwe kuwa katika miaka ile ile ofisi za mipango zilipokaribia nyumba ya maskini, na gharama nazo zilikaribia. Mama yule wa robo ekari alipata zahanati karibu, kisha akakuta dirisha la kulipia.

Nyachae aliacha kazi ya serikali kabla ya muongo ule kwisha. Mwaka wa 1992 watu wa Nyaribari Chache walimchagua kuwa mbunge wao, akawa Waziri wa Kilimo, na Januari 1998 akapewa Wizara ya Fedha. Huko tunataka kukumbusha jambo moja tu. Mwaka wa 1997, karibu na uchaguzi, serikali ilikuwa imewaahidi walimu nyongeza kubwa ya mishahara, ya asilimia 150 mpaka 200 kwa muda wa miaka mitano. Mwaka wa 1998 walimu wakaidai, wakagoma. Waziri akasema hadharani ya kuwa fedha hizo hazipo. Walimu ni wengi katika Gusii. Pengine hakuna nyumba isiyo na mwalimu au mke wa mwalimu, na wengi walimwona mtu wetu amewageuka. Mwandishi wa kurasa hizi alikuwa upande wa walimu wakati ule. Leo, baada ya kutazama hesabu za siku zile, anaona waziri alisema kweli juu ya mfuko, ingawa kweli hiyo ilimwangukia mwalimu wa shule ya msingi badala ya wale walioutoboa mfuko. Februari 1999 alihamishwa wizara, naye akajiuzulu. Aligombea urais mwaka wa 2002 akawa wa tatu, akarudi serikalini mwaka wa 2004, akakosa kiti chake mwaka wa 2007, na mwaka wa 2010 akatoa kitabu cha maisha yake, Walking Through the Corridors of Service. Alifariki tarehe 1 Februari 2021, zikibaki siku tano tu atimize miaka 89.

Watu wengine husema ya kuwa tajiri hawezi kupanga mambo ya maskini. Nyachae hakuwa maskini siku yoyote. Alizaliwa katika boma la chifu, akafa mtu wa mali nyingi, na hakuona haya kusema hivyo. Sisi hatukubali maneno hayo moja kwa moja. Mtu aweza kutengeneza daraja zuri bila kuwa na haja ya kulivuka kwa miguu. Ila ni kweli pia ya kuwa fundi wa namna hiyo hutazama nguzo, wala hasikii baridi ya maji. Mpango wake ulikuwa mpango wa mtawala: aliona kosa lililo katika njia ya amri na fedha, akalinyosha kwa nguvu zake zote. Yale yasiyokuwa katika njia hiyo, kama bei ya ua la pareto, hayakuwa mbele ya macho yake, au yalikuwa mbele ya macho yake lakini si mikononi mwake.

Waliokuja nyuma yake walijaribu njia nyingine. Mwaka wa 2003 Bunge lilianzisha mfuko wa maendeleo ya sehemu za ubunge, uliowekewa asilimia mbili na nusu ya mapato ya kawaida ya serikali. Mwaka wa 2004 serikali ilianza, kwa jamaa chache sana, jambo ambalo wazee wa Hazina walikuwa wakiliogopa: kuwapa fedha taslimu watu wanaowalea yatima, wazinunulie wenyewe wanachohitaji, bila jengo wala mkandarasi. Jambo hilo lilikua, na mwaka wa 2018 likaenezwa kwa wazee waliotimiza miaka 70 katika nchi nzima, shilingi 2,000 kwa mwezi. Wako wanachama wetu ambao mama zao wamepokea fedha hizo, nao wanajua mara ngapi zimechelewa. Lakini zinapofika, hufika kwa jina la mtu.

Kisha Katiba ya mwaka wa 2010 ikaziweka kaunti 47 na kuamuru zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tume iliyowekwa kusimamia utekelezaji wa Katiba hiyo ilikuwa na mwenyekiti Charles Nyachae, mwana wa marehemu. Baba aliitoa kazi Nairobi akaiweka katika wilaya, chini ya ofisa aliyetumwa na Nairobi. Mwana alisimamia kuitoa kabisa na kuipa serikali iliyochaguliwa na wenyeji. Keumbu sasa ni wadi yenye mjumbe wake katika bunge la kaunti. Hapana shaka ni hatua ndefu kutoka baraza la Chifu Musa.

Halmashauri yetu imepewa swali la mzee wa Keumbu ilijibu kabla ya mkutano mkuu ujao. Imeanza kwa kuziuliza kamati za matawi ziandike, pembeni ya kila mradi tuliougharimia, majina ya jamaa zilizoutumia na majina ya zile zilizo jirani yake ambazo hazikuutumia. Matawi mawili yamekwisha kuleta orodha, na orodha ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza. Kuhusu kaunti, sheria ya mwaka wa 2012 inataka wananchi waitwe kutoa maoni yao juu ya mipango na matumizi ya fedha. Mikutano hiyo huitishwa mara nyingi siku ya kazi, kati ya saa nne na saa saba, na wakati huo wachuma chai wa Nyaribari wangali shambani, hawajapima majani yao.